AC ya Kikumi: nimeiosha mwenyewe nyumbani, asubuhi baridi kama Kabale, mchana vuguvugu. Nimekosea wapi?

#1 Mwenye_Kikumi
Wakuu salaam. Gari ni Kikumi, yaani Toyota Corolla AE100 ya 1994, niko Kireka, nje kidogo ya Kampala. Mwezi uliopita kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) ilijamu, ililia kama mashine ya posho kisha mkanda ukaungua na kukatika nikiwa palepale Banda. Gereji ya kwanza wakaniambia laki nne na nusu, ya pili wakataka niwaachie gari siku tatu, nikaona hapana, mikono ninayo. Nikanunua kompresa kuukuu, nikafungua paipu zote, nikamwaga petroli lita mbili kwenye kondensa (redieta ya AC iliyo mbele) na evaporeta (ile ya ndani inayopoza hewa) halafu jamaa wa matairi akanipulizia na upepo wake. Mwanzoni ilitoka kama uji wa wimbi uliotiwa unga wa fedha, mwisho ikatoka safi. O-ringi zote, mipira ya maungio, nimeweka mpya. Vakyumu, yaani kunyonya hewa yote ndani ya mfumo, nilivuta na kompresa ya friji bovu dakika arobaini hivi, geji ikafika 26 ikagoma hapo, haikufika 30 kama wanavyoonyesha kwenye video. Nikaweka makopo matatu ya Japani, yale ya gramu 200.

Siku nne za kwanza banange, baridi mpaka mke wangu akadai sweta. Sasa asubuhi iko sawa, ila nikikaa kwenye jamu ya Jinja Road dakika ishirini inaanza kupuliza vuguvugu. Nikiizima robo saa nikawasha tena, baridi inarudi. Tatizo nini? Msinirudishe gereji tafadhali.

#2 Boda_Msomi
Kikumi na AC tena? Hiyo gari ilikuja na AC ya asili, inaitwa dirisha. Halafu shukuru iko ndani tayari, sheria ya 2018 haitaki gari ya zaidi ya miaka 15, yako ikifika Malaba leo wanaigeuza.

#3 Mwenye_Kikumi
Ndiyo maana nimeing'ang'ania. Jibu swali au pita.

#4 Fundi_Baridi
Mimi niko Ndeeba, kazi yangu friji na AC za magari miaka mingi sasa. Ssebo, umesema kila kitu ila draya hujaitaja. Umeibadilisha? Kile kichupa cha alumini pembeni ya kondensa chenye kioo juu. Kama hukubadilisha basi ulioga ukavaa nguo ileile chafu. Ndani yake kuna punje zinazokunywa maji, ukifungua mfumo zikakaa wazi hata usiku mmoja zimeshashiba, hazinywi tena.

Na huo unga wa fedha ni kompresa ya zamani iliyojisaga. Unga ule hautoki wote kwa lita mbili. Angalia kondensa yako, kama ni bomba moja nene linalopinda kama nyoka inaoshika, utasukuma dawa mpaka itoke nyeupe. Ila kama ni ile ya vitundu vingi vyembamba sambamba, unajidanganya, dawa inapita kwenye vitundu vilivyo wazi, vilivyoziba inaviacha hivyohivyo, na wewe unaona imetoka safi unafurahi. Hiyo huwa natupa naweka nyingine. Kompresa haioshwi kwa dawa, draya haioshwi, vali ya evaporeta (yenye kitundu chembamba cha kupitishia gesi) haioshwi, unaitoa kwanza ndipo uoshe. Wewe vali uliitoa?

#5 Mwenye_Kikumi
Draya sikubadilisha, niliitikisa haikulia kitu nikaona nzima. Vali sikuitoa, ilikuwa mle ndani nyuma ya kabati la dashibodi, nilipuliza kupitia paipu.

#6 Fundi_Baridi
Ulipuliza uchafu wote ukauelekeza kwenye kitundu kidogo kuliko vyote kwenye gari. Kale.

#7 Dereva_wa_Northern_Corridor
Nyie mnahangaika na draya, jibu lipo kwenye geji yake. Imegoma 26! Mimi napeleka mzigo Mombasa Kampala mwaka wa kumi huu, trela langu nimelivutia vakyumu Mombasa mara mbili na kila mara mshale unafika 29 na kitu. Kama haifiki hapo kuna mahali panavuja au hiyo kompresa ya friji ni ya makumbusho. Hewa imebaki ndani, na hewa haigeuki maji kwenye kondensa kama gesi, inakaa tu na kupandisha presha. Asubuhi hali ya hewa ni baridi unavumilia, mchana kwenye jamu presha inapanda, baridi kwisha. Kesi imefungwa.

#8 Mwalimu_Kabale
Kesi haijafungwa, dereva. Geji ya vakyumu inapima tofauti ya ndani na nje, haipimi utupu wenyewe. Mombasa mko baharini, hewa ya nje inabonyeza kwa karibu inchi 30 za zebaki, kwa hiyo ukinyonya yote mshale unasoma karibu 30. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya bahari, hewa ya huku inabonyeza kwa inchi 26 tu. Ukinyonya yote kabisa, yaani hakuna kilichobaki, mshale utasoma 26 hapohapo. Huwezi kunyonya zaidi ya kilichopo. Hapa kwetu Kabale tuko kwenye mita 2,000, mimi mshale haujawahi kuvuka 23 na nusu na AC yangu inafanya kazi, ingawa mtaniuliza Kabale AC ya nini.

Kadiria hivi, kila ukipanda mita 300 mshale unapungua inchi moja. Kwa hiyo 26 yake Kireka ni alama nzuri, pengine nzuri kuliko 29 yako ya Mombasa.

#9 Boda_Msomi
Kabale AC ya nini?

#10 Dereva_wa_Northern_Corridor
Mwalimu hiyo ni hesabu ya ubaoni. Kwani gesi inajua iko Kampala? Video zote zinasema 29 au 30.

#11 Mwalimu_Kabale
Video zimepigwa nchi zilizo karibu na bahari. Safari ijayo chukua geji yako, vuta Mombasa uandike, ukifika Kampala vuta tena gari hilohilo pampu hiyohiyo. Nitakununulia chapati rolex mbili ukipata 29 hapa.

#12 Dereva_wa_Northern_Corridor
Sawa. Na mayai mawili kila moja.

#13 Afande_Mstaafu
Vijana salaam. Nimesoma yote. Dalili ya kijana huyu ni asubuhi nzuri, barabara ikiwa wazi nzuri, kwenye jamu mbaya. Hiyo ni feni. Gari likitembea upepo unaingia wenyewe puani, likisimama linategemea feni ya kondensa. Washa AC, fungua boneti, tazama kama feni zote mbili zinazunguka na zinazunguka kwa nguvu. Mfumo ukiwa mzima, injini kwenye mzunguko 1,500 hivi, geji ya upande wa juu inasoma psi 200 hadi 230 na ya chini 25 hadi 35. Ukiona ya juu inakimbilia 300 na zaidi gari likiwa limesimama, usiguse gesi, shughulika na upepo kwanza.

Tena chunguza mbele ya kondensa. Mimi Novemba moja nilitoka Masaka usiku kipindi cha senene, kesho yake AC haikufanya kitu. Nikatoa grili nikakuta senene wamekauka na kujipanga kwenye mapezi ya kondensa kama matofali, nikaosha kwa maji ya bomba taratibu, si mashine ya presha maana inalaza mapezi, ikapona. Mke wangu aliuliza kwa nini sikuwaleta nyumbani.

#14 Mama_Transita
Afande senene wale unawaoshaje jamani, ile ni hasara 😂

#15 Mwenye_Kikumi
Shukrani afande. Nimetazama leo. Feni ya redieta inazunguka vizuri. Ya kondensa inazunguka lakini niliisimamisha kwa karatasi ya gazeti kirahisi, sijui kama ni kawaida. Senene hakuna, kaveera mmoja tu, mfuko wa plastiki, ulikuwa umenasa.

Na kuna kitu sikukisema mwanzo maana niliona aibu. Wakati navuta vakyumu umeme ulikatika kwenye dakika ya kumi na tano hivi. Nilikuwa ndani nakula. Nilipotoka nikakuta mshale umerudi kwenye 8. Umeme uliporudi nikavuta tena dakika 25, ndiyo hizo arobaini.

#16 Fundi_Baridi
Ahaa. Sasa tunazungumza. Valvu za geji hukuzifunga, kwa hiyo pampu iliposimama hewa yenye unyevu ikarudi ndani kupitia pampu. Na draya imeshashiba. Dakika 25 za kompresa ya friji zitafikisha mshale 26 ndiyo, lakini kufika 26 na kukausha ni mambo mawili. Maji yanachemka ndani ya utupu hata kwenye joto la kawaida, yanageuka mvuke pampu inauvuta, ila yanahitaji muda. Mimi nikishuku maji navuta saa nzima au zaidi, nafunga valvu, nazima pampu, nakaa nusu saa naangalia mshale kama umetingishika.

Maji yakibaki, yanafanya hivi. Gesi ikipita kwenye kitundu cha vali inashuka chini ya sifuri, tone la maji linaganda palepale, njia inaziba, baridi inapotea. Ukizima robo saa barafu inayeyuka, ukiwasha baridi inarudi. Soma tena dalili ya mwenye uzi. Dakika ishirini, robo saa, inarudi. Hiyo si feni, ni barafu.

#17 Afande_Mstaafu
Na kwa nini barafu isigande asubuhi akienda kazini?

#18 Fundi_Baridi
Kireka hadi mjini asubuhi na mapema ni dakika ngapi? Haijafika kuganda.

#19 Boda_Msomi
Kireka mjini asubuhi dakika chache? Fundi unaishi Uganda gani.

#20 Otim_Gulu
Jamani wote mmekosea, samahani. Mimi nilikuwa na Toyota Corona ya 1993, dalili hizihizi kabisa, nikabadilisha draya, vali, nikatoa hela mpaka nikachoka. Ilikuwa klachi ya kompresa. Kompresa kuukuu zinakuja sahani imelika, nafasi kati ya sahani na puli inakuwa pana. Ikiwa baridi sumaku inaivuta, ikishapata moto sumaku inapungua nguvu haiifikii tena. Ukizima ikapoa inashika. Nafasi inatakiwa nusu milimita hivi, yangu kadi mbili za simu zilipita pamoja!

Kupima ni rahisi. Baridi ikipotea usizime AC, fungua boneti, tazama sahani ya mbele ya kompresa kama inazunguka na puli au imesimama. Kama imesimama chukua kijiti kirefu cha mti mkavu, mikono mbali na mkanda, isukume kidogo. Ikidaka tak! na baridi ikarudi basi ugonjwa ni huo. Dawa yake unafungua bolti ya katikati, unatoa sahani, ndani utakuta washa nyembamba mbili au tatu, toa moja urudishe. Mimi sikulipa hata shilingi.

#21 Ayikoru_Arua
Mnachosha watu. Huku Arua joto si mchezo na kuna fundi anaweka gesi ya kupikia kwenye AC, inapoza kuliko hiyo 134, gesi ya AC mnayoitumia, na mtungi mdogo unatosha magari kadhaa. Nina mwaka wa pili.

#22 Mwalimu_Kabale
Dada Ayikoru, inapoza kweli, propani ni gesi nzuri ya baridi na friji nyingi ndogo siku hizi zina isobutani. Lakini friji ina gramu chache, na haigongwi na lori mbele ambako kondensa imekaa. Evaporeta yako iko nyuma ya dashibodi, ikitoboka gesi inajaa pale ulipokaa na watoto na swichi zote zinazotoa cheche.

#23 Fundi_Baridi
Tena ya kupikia ina harufu na unyevu, haikukusudiwa. Ila ukweli hata "134" ya madukani si yote ni 134. Kuna mchanganyiko mbaya zaidi ya gesi ya kupikia, kuna gesi inaitwa R40, ikikutana na alumini inatengeneza kitu kinachowaka kikiguswa na hewa. Mwaka 2011 kontena za baridi za melini zililipuka sababu ya gesi bandia ya namna hiyo, mafundi walikufa. Mtungi ukiwa wa bei ya ajabu, jiulize.

#24 Ayikoru_Arua
Sasa mmenitia hofu na kesho nasafiri. Nitafungua madirisha kwanza.

#25 Boda_Msomi
Karibu kwenye AC ya asili dada.

#26 Mama_Transita
Naomba niingilie, nina Benz ya marehemu mzee, 190 ya 1988, AC haijawahi kuguswa. Naweza kujaza hayo makopo ya Mwenye_Kikumi?

#27 Fundi_Baridi
Hapana mama. Hiyo ni ya R12, gesi ile ya zamani inayotoboa ozoni, viwanda viliiacha miaka ya mwanzo ya 90. Hata midomo ya kujazia ni tofauti, ya kwako ni ya kukaza kwa nyuzi, ya 134 ni ya kubofya. Oili yake ni ya madini na haichanganyiki na 134, inabaki imelala kwenye mabomba kompresa inakauka. Unaosha mfumo, draya mpya, oili ya esta, midomo ya kubadilisha, kisha 134 kama asilimia 80 au 90 ya kiasi cha zamani, usijaze sawasawa.

Na wewe Mwenye_Kikumi, gari za 1992 hadi 1994 zilikuwa katikati ya mabadiliko hayo, Kikumi nyingine ni R12 nyingine ni 134. Kibandiko kwenye boneti kinasemaje?

#28 Mwenye_Kikumi
Kijapani chote lakini namba naziona, imeandikwa HFC134a. Na uzito upo, sikuuzingatia, nilienda na makopo matatu kwa sababu jirani aliweka matatu.

#29 Afande_Mstaafu
Jirani gari gani?

#30 Mwenye_Kikumi
Noah. Yenye AC ya nyuma.

#31 Afande_Mstaafu
😂😂 Gesi imezidi basi. Imezidi na feni inasimamishwa na gazeti.

#32 Dereva_wa_Northern_Corridor
Ya oili mmesahau. Aliweka ipi?

#33 Mwenye_Kikumi
Hakuna niliyoweka, nilitumia iliyokuwa ndani ya kompresa niliyonunua. Ilikuwa kama vijiko viwili.

#34 Fundi_Baridi
Vijiko viwili! Na mabomba umeyaosha kwa petroli, kwa hiyo oili yote iliyokuwemo umeitoa. Hiyo kompresa inasagika kavu, utarudi hapa na unga mwingine wa fedha. Kompresa hizo zinataka PAG 46, kwenye chupa utaona imeandikwa ND-OIL 8. Chupa usiiache wazi, PAG inavuta maji ya hewani kama chumvi. Na msichukue hii kwa gari za haibridi, zile kompresa zao za umeme zina oili yake nyingine, ukitia PAG umeme unavuja kwenye bodi.

Petroli nayo iache. Inaacha mafuta mazito ndani, inavimbisha mipira, na mtu anayepuliza petroli kwa upepo akiwa na jiko la mkaa upande wa pili wa ukuta anacheza na maisha. Tumia dawa ya kuoshea AC, ukikosa ile ya kusafishia breki inayokauka upesi, malizia na naitrojeni kavu. Upepo wa jamaa wa matairi una maji, mwambie afungue kile kikoki chini ya tangi lake uone kinachotoka.

#35 Mwenye_Kikumi
Nilikuwa nimeweka jiko pale kweli. Mungu mkubwa.

Narudi na majibu ya vipimo. Jana saa nane mchana, jamu ya Nakawa, baridi ikapotea. Niliingia kando, sikuzima. Kwanza nikamwaga chupa ya maji kwenye kondensa kama afande alivyonipigia ujumbe, baridi ikarudi kama dakika tatu kisha ikapotea. Nikatazama sahani ya klachi, imesimama. Nikaisukuma kwa mpini wa fagio, ikadaka tak, baridi ikaja, ikaachia tena baada ya muda mfupi. Geji sikuwa nayo, mwenyewe alishaichukua.

#36 Otim_Gulu
Nilisema! Klachi!

#37 Afande_Mstaafu
Mbona maji yalirudisha baridi? Maji hayarekebishi klachi. Presha ilikuwa juu, swichi ya presha ikakata klachi isipasuke kitu. Feni na gesi kuzidi.

#38 Otim_Gulu
Afande, swichi ikikata umeme sumaku haina nguvu yoyote, kijiti kisingefanya idake ikabaki. Na maji yalirukia kompresa yakaipoza pia, iko palepale chini.

#39 Fundi_Baridi
Msigombane, kuna waya mmoja unaoenda kwenye klachi. Chukua taa ya kupimia, baridi ikipotea chomeka pale. Taa ikiwaka na sahani imesimama, Otim yuko sahihi. Isipowaka, swichi au rilei (kile kiboksi kinachowasha umeme wa klachi). Na bado sijafuta barafu.

#40 Mwenye_Kikumi
Nimepima leo saa tisa. Taa inawaka, lakini hafifu, kama mshumaa.

#41 Otim_Gulu
Hafifu?

#42 Fundi_Baridi
Sasa hiyo ni rilei imeungua midomo au waya wa ardhi una kutu. Sumaku inapata volti pungufu. Hili halikuwemo kwenye orodha ya mtu yeyote.

#43 Afande_Mstaafu
Rilei ileile pengine inalisha na feni. Ndiyo maana gazeti liliisimamisha. Sijatoka kwenye feni mimi.

#44 Mwenye_Kikumi
Jumamosi nabadilisha rilei, nasugua waya wa ardhi, naweka draya na oili, napunguza gesi mpaka namba ya kibandiko. Ila nataka kuitoa niliyojaza, naifungulia tu hewani?

#45 Mwalimu_Kabale
Usifungulie. Kilo moja ya 134 inashika joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksaidi, na mwaka 2016 nchi zilikaa hapo Kigali kukubaliana kuzipunguza hizi gesi. Mwenye mashine ya kuinyonya anaweza kukurudishia ileile ikiwa safi.

#46 Fundi_Baridi
Ninayo. Njoo Ndeeba Jumamosi kabla ya saa nne, hilo si gereji ni uani kwangu. Na uje na kompresa yako ya friji niione.

#47 Dereva_wa_Northern_Corridor
Niko Mombasa nasubiri mzigo. Nimevuta vakyumu asubuhi hii, mshale 29 na nusu, nimepiga picha. Nafika Kampala Alhamisi nikijaliwa. Mwalimu andaa mayai.

#48 Mwalimu_Kabale
Usiguse geji njiani. Na upige picha nyingine ukipita Nairobi.